Damu Yetu Mliipeleka Wapi?

Katika vijiji vingi vya pwani na vya Kanda ya Ziwa, watafiti wa afya ni wageni wa kila mwaka. Hufika asubuhi na visanduku vya barafu, wakapiga hodi nyumba kwa nyumba, wakauliza nani alilala ndani ya chandarua usiku wa jana, wakachoma watoto vidole na kudondosha damu kwenye karatasi maalumu. Jioni huondoka. Mwakani hurudi. Hatimaye, katika mkutano wa kijiji, mzee mmoja hunyoosha mkono: "Wanangu, sisi hatuwakatai. Karibuni. Lakini tuambieni, ile damu yetu ya mwaka jana mliipeleka wapi? Na mlipata nini?"

Swali hili huulizwa kila mahali, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka: "Ilikwenda maabara, mzee." Jibu hilo ni la kweli, ila ni dogo kuliko swali.

Sura hii inajibu kwa kirefu. Inalifuata tone moja la damu kutoka kidoleni hadi nchi za mbali, na inatetea jambo moja: data ya utafiti huokoa watu pale inapovuka mipaka na kutumiwa tena na wengine, na aliyeitoa ana haki ya kuiona ikirudi nyumbani.

Tone moja huzaa nini?

Data ni taarifa zilizokusanywa kwa utaratibu ili zijibu swali. Tone moja la damu ya mtoto huzaa data za aina tatu.

Ya kwanza ni jibu la kipimo: ana vimelea vya malaria au hana. Ya pili ni maelezo yaliyoandikwa kwenye dodoso: umri wake, kijiji chake, kama alilala ndani ya chandarua, dawa aliyokunywa mara ya mwisho. Ya tatu ni vinasaba vya kimelea chenyewe. Vinasaba ni maandishi yaliyomo ndani ya kila kiumbe hai, yanayokiamuru kikue vipi na kijilinde vipi. Sehemu moja ya maandishi hayo, yenye kazi yake, huitwa jeni. Maandishi yote yakiwekwa pamoja huitwa jenomu.

Mwaka 2002 wanasayansi wa nchi kadhaa walimaliza kusoma jenomu ya kimelea kinachoua zaidi Afrika, kiitwacho *Plasmodium falciparum*. Ina herufi zipatazo milioni 23 na jeni zipatazo 5,300. Maandishi hayo hawakuyauza. Waliyaweka mahali ambapo mtafiti yeyote duniani angeweza kuyasoma bure. Hiyo ndiyo data wazi: data ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuitumia na kuipitisha kwa mwingine, kwa masharti yanayojulikana.

Ukimpa jirani kibaba cha mchele, mchele wako umepungua. Ukimpa data, yako inabaki palepale, naye anaweza kuipikia chakula ambacho wewe hukukiwazia. Huko ndiko kutumia data tena: data iliyokusanywa kwa swali moja inajibu swali jingine.

Daftari lisilo na vichwa

Data nyingi hazifiki hatua hiyo ya kutumiwa tena. Utafiti ukiisha na ripoti ikiandikwa, madodoso hufungiwa kabatini, na mafaili hubaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Akistaafu, zimepotea. Hata zikipatikana, huenda hazisomeki.

Chukua daftari la michango ya harusi iliyofanyika Namanga, mjini pale mpakani. Limeandikwa: "Mjomba, 5,000. Shangazi, 3,000." Ni shilingi za Kenya au za Tanzania? Fedha imelipwa au imeahidiwa? Mjomba yupi, wa bwana harusi au wa bibi harusi? Aliyeandika anajua yote hayo, lakini miaka kumi baadaye hakuna anayeweza kuutumia ukurasa ule. Unahitaji maelezo juu ya maandishi yenyewe: nani aliandika, lini, wapi, kwa kipimo gani. Maelezo hayo yanayoifafanua data huitwa metadata. Data bila metadata ni daftari lisilo na vichwa vya safu.

Thamani ya kufungua makabati ilionyeshwa na kazi iliyoongozwa na Robert Snow, mtafiti wa malaria aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walitafuta kila upimaji wa malaria walioweza kuupata Afrika kusini mwa Sahara tangu mwaka 1900: ripoti za wizara za afya, majarida ya zamani, kumbukumbu za enzi za ukoloni, na mafaili waliyopewa na watafiti wengine. Walikusanya tafiti 50,424 za upimaji, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Hakuna hata mmoja wa wapimaji wa kale aliyekuwa akiandika historia ya karne. Kila mmoja alikuwa na kijiji chake na swali lake. Lakini namba zao zilipokaa pamoja, zilisimulia kisa ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kizima. Katika miongo mitatu ya mwanzo ya karne iliyopita, watoto takriban 40 katika kila 100 walikuwa na kimelea cha *Plasmodium falciparum*. Kufikia miaka ya 2010 hadi 2015, walikuwa 24. Njiani hapo palikuwa na kupanda na kushuka. Malaria ilipanda tena mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati klorokwini, dawa iliyotegemewa na kila nyumba, ilipokuwa ikishindwa kazi.

*Kwa ufupi: data moja hujibu swali moja. Data nyingi zilizotunzwa vizuri na kukutanishwa hujibu maswali ambayo aliyezikusanya hakuyauliza.*

Kimelea cha Tanzania, wagonjwa wa Kambodia

Wasomaji waliovuka miaka arobaini wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikachukua dawa iitwayo SP, na mwaka 2006 ikahamia dawa mseto, yaani dawa yenye viambato viwili vinavyosaidiana, kimojawapo kikiwa cha jamii ya artemisinini. Kila mara sababu ilikuwa ile ile, usugu: kimelea kimejifunza kuishi licha ya dawa.

Usugu wa klorokwini uliofika kwetu asili yake ilikuwa Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo, wagonjwa wa Kambodia walipoanza kuchelewa kupona kwa artemisinini, hofu ilitanda Afrika pia. Swali lilikuwa moja: ni sehemu gani ya jenomu inayokipa kimelea nguvu hiyo?

Jibu lilipatikana kwa njia iliyopita kwetu. Maabara ya Ufaransa ilikuwa ikifuga kizazi cha vimelea vyenye asili ya Tanzania. Kwa miaka 5 wanasayansi walivipa artemisinini kwa vipimo vinavyopanda, mizunguko 125, hadi vikazoea kuishi nayo. Kisha walisoma jenomu ya vimelea hivyo sugu na kuilinganisha na ya ndugu zao waliofugwa bila dawa hiyo. Moja ya mabadiliko waliyoyakuta lilikuwa katika jeni iitwayo K13. Walipoangalia vimelea vya wagonjwa wa Kambodia, wakakuta jeni hiyohiyo imebadilika kwa wale waliochelewa kupona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Tazama walioshiriki: kimelea cha Tanzania, maabara ya Ufaransa, wagonjwa wa Kambodia, na jenomu ya mwaka 2002 iliyokuwa wazi kwa wote. Ukiondoa mmoja, jibu linachelewa. Na kwa kuwa matokeo hayakufichwa, tangu hapo maabara yoyote yenye uwezo wa kusoma jeni hiyo, iwe Kigali au Kampala, ilijua pa kuangalia.

Rwanda: mgeni au mzaliwa?

Mwaka 2020 watafiti wa Rwanda na wenzao wa nje walitangaza kwamba wamekuta mabadiliko ya K13 katika damu ya wagonjwa wa nchini mwao, katika sampuli zilizochukuliwa miaka mitano au zaidi nyuma kwa ajili ya majaribio ya dawa. Swali la haraka likawa: usugu huu umesafiri kutoka Asia kama ule wa klorokwini, au umezaliwa hapahapa?

Tofauti ni kubwa. Ukiwa mgeni, unalinda milango ya wasafiri. Ukiwa mzaliwa, unatazama jinsi dawa zinavyotumika nyumbani, kwa sababu unaweza kuzaliwa tena kijiji kingine chochote.

Mtu akifika kijijini akidai ni ndugu yenu, wazee humuuliza: baba yako nani, babu yako nani? Watalinganisha majibu na ukoo wanaoujua. Ndivyo ilivyofanyika. Watafiti walichukua jenomu za vimelea vya Rwanda wakazilinganisha na jenomu za vimelea vya Asia, zilizokuwa zimewekwa wazi na mtandao wa kimataifa wa watafiti uitwao MalariaGEN. Ukoo haukulingana. Usugu ule ulikuwa umezaliwa Afrika.

Rwanda pekee isingeweza kulijibu swali hilo, hata ingekuwa na maabara bora kuliko zote, kwa sababu nusu ya jibu ilikuwa katika damu ya watu wa mbali. Mwaka uliofuata watafiti wa Uganda walichapisha habari za mabadiliko ya aina nyingine kaskazini mwa nchi yao, na baadaye mabadiliko yaliyoonekana Rwanda yakakutwa pia mkoani Kagera, Tanzania. Dawa mseto bado zinatibu wagonjwa walio wengi, lakini sasa wanaozilinda wanajua adui yuko upande gani. Mwaka 2023 mtandao wa MalariaGEN uliweka wazi jenomu za vimelea 20,864 kutoka nchi 33. Kila moja ilianza kwa mtu aliyekubali kutoa damu yake.

Noti bandia sokoni

Muuza nyanya akipokea noti bandia moja kwa wiki, hudhani ni bahati mbaya. Muuza samaki naye amepata moja, mwenye duka la unga moja. Siku watakapoketi pamoja jioni na kuhesabu, watagundua kuna mtu anazisambaza sokoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa dawa mseto mojawapo, yenye dihydroartemisinini na piperakwini. Majaribio yalikuwa yamefanywa katika nchi mbalimbali, kila moja likisema dawa ni nzuri. Watoto wadogo wachache walirudiwa na malaria, lakini katika jaribio moja moja uchache huo haukusema lolote.

Mtandao mwingine wa kimataifa, WWARN, ulioanzishwa mwaka 2009 kufuatilia usugu wa dawa za malaria, uliwaomba watafiti walete data zao za mgonjwa mmoja mmoja, siyo wastani uliochapishwa tu. Walipounganisha tafiti zaidi ya 20 zenye wagonjwa zaidi ya 7,000, ukweli ukajitokeza: watoto wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 walikuwa wakipata dawa pungufu kwa kila kilo ya uzito wao, na ndio waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa zaidi. Uchambuzi huo ulitoka mwaka 2013. Mwaka 2015 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliongeza kipimo cha dawa hiyo kwa wenye uzito chini ya kilo 25.

Hakuna mtoto mpya aliyechomwa kidole ili ugunduzi huo upatikane. Data zilikuwapo tayari, zimetawanyika katika kompyuta za watafiti waliokuwa hawajaketi pamoja.

*Kwa ufupi: kushirikiana data kumeonyesha jeni ya usugu ni ipi, usugu wa Rwanda ulizaliwa wapi, na kwa nini watoto wadogo walikuwa wakirudiwa na malaria.*

Wazi haimaanishi holela

Hapa msomaji makini atauliza: je, jina langu na ugonjwa wangu navyo vitakuwa wazi? Hapana, na visiwe.

Kuondoa majina ni hatua ya kwanza tu. Tuseme faili limeandika: mwanamke, miaka 43, mjane, anauza dawa, kijiji fulani. Kama kijiji hicho kina duka moja la dawa, kila mtu kijijini anamjua. Ndiyo maana data za watu huondolewa pia maelezo yanayoweza kumfichua mtu, au huwekwa katika hifadhi yenye mlango: anayeitaka anaomba, anaeleza sababu, na kamati inaamua. Vinasaba vya kimelea vinaweza kuwekwa wazi kwa kila mtu. Vinasaba vya mwenye damu ni mali ya siri zaidi, na hulindwa kwa uzito huo. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022.

Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lilichapisha misingi minne ambayo sasa inafuatwa na taasisi nyingi duniani. Data njema ni ile ambayo:

1. Inapatikana. Ina anwani ya kudumu, na mtu anayeitafuta anaweza kujua kwamba ipo.
2. Inafikika. Njia ya kuipata inajulikana, hata kama njia hiyo ni kuomba ruhusa.
3. Inaoana na nyingine. Imeandikwa kwa vipimo na maneno yanayotumiwa na wengi, ili iunganishwe na data za kwingine.
4. Inatumika tena. Ina metadata ya kutosha, na leseni, yaani tamko la wazi la nani anaruhusiwa kufanya nini nayo.

Angalia msingi wa pili. Hausemi data yote iwe bure kwa kila mtu. Unasema mlango uonekane, na ijulikane nani ana ufunguo.

Aliyetoa anapata nini?

Uchungu wa suala hili uko hapa, nami sitaupita mbio.

Mwaka 2007 Indonesia, iliyokuwa ikipoteza watu kwa homa ya mafua ya ndege, ilitangaza kwamba haitapeleka tena sampuli za virusi nje kwa utaratibu wa kawaida. Ilikuwa imegundua kwamba virusi kutoka kwa wagonjwa wake vilitumika kutengeneza chanjo huko nje, chanjo ambayo watu wake wasingeimudu. Wengi waliilaumu kwa kuhatarisha dunia. Lakini hoja yake ilikuwa ya haki, na miaka minne baadaye, Mei 2011, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha makubaliano ya kugawana virusi vya mafua pamoja na manufaa yatokanayo navyo, zikiwamo chanjo.

Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walisoma vinasaba vya aina mpya ya virusi vya korona, wakaviweka hadharani na kuionya dunia. Ndiyo iliyopewa jina la Omicron. Malipo yake? Ndani ya siku chache Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zilizuia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Baadaye Uholanzi iligundua kwamba virusi hivyo vilikuwamo katika sampuli zake za Novemba 19 na 23, kabla ya onyo lenyewe kutolewa. Aliyepiga mbiu ndiye aliyeadhibiwa.

Mambo ya namna hii yakirudiwa, watu watajifunza kunyamaza, na ukimya huo utaua. Ushirikiano wa data utadumu tu iwapo anayetoa haachwi mikono mitupu. Mtafiti wa Kilifi au Ifakara aliyekusanya data kwa jua na mvua awe miongoni mwa wanaozichambua na kuziandika, asibaki mtu wa kushukuriwa mwishoni mwa makala. Maabara za kusoma vinasaba zijengwe huku, na vijana wafundishwe kuzitumia. Dawa na chanjo zinazotokana na data hizo zifike kwa waliozitoa, kwa bei wanayoimudu. Na matokeo yarudi kijijini, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

*Kwa ufupi: uwazi unahitaji ulinzi wa siri za watu na haki ya kugawana manufaa. Kimojawapo kikikosekana, milango hufungwa.*

Maswali ya kuuliza wageni wakibisha hodi

Sote ni watoaji wa data. Mtafiti akifika nyumbani kwako, mkaribishe, kisha muulize:

- Data zangu zitatunzwa wapi, na nani mwenye ufunguo?
- Je, watafiti wengine wataruhusiwa kuzitumia? Kwa masharti gani?
- Mtafichaje kwamba ni mimi?
- Nikibadili mawazo baadaye, nifanyeje?
- Mtarudi lini kutuambia mlichokipata, na nani atakayekuja?

Mtafiti mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Mengi yameandikwa tayari kwenye fomu ya ridhaa, ile karatasi inayosomwa haraka haraka kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Mwambie aisome polepole.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Jibu linalomstahili ni hili: "Mzee, damu ile ilipimwa, ikasomwa, ikawekwa pamoja na damu ya watu wa Rwanda, Uganda na Kambodia. Kwa kuzilinganisha tunajua ni dawa gani bado inafanya kazi hapa kijijini na ipi imeanza kuchoka. Haya hapa matokeo ya kijiji chako." Mtafiti ambaye hawezi kusema maneno hayo bado hajamaliza utafiti wake, hata kama ripoti imeshachapishwa. Na sisi tuliomnyooshea kidole achome, tusichoke kumuuliza.